Nimemlilia mbwa, ilhali kaka yangu sikumlilia

Shangazi, salaam aleikum.

Mimi ni mwanamume wa miaka 56, mwanajeshi mstaafu, mzaliwa wa Arua, makazi yangu Jinja. Kiswahili hiki nilikipata kambini, ukikuta nimekosea nisamehe. Nina mke na watoto wawili walio nyumbani, binti wa miaka 15 na mvulana wa miaka 9. Siku hizi nalinda ghala la mfanyabiashara mmoja, zamu ya usiku.

Mwezi wa sita mwaka huu mbwa wetu alikufa. Najua wapo wasomaji watakaofunua ukurasa wakifika hapa. Wafunue.

Mwaka 2015, muda si mrefu baada ya kurudi kutoka Somalia, wezi waliingia kwetu mara mbili. Mara ya kwanza walibeba kuku, mara ya pili mtungi wa gesi pamoja na jiko lake. Nikaamua kutafuta mbwa wa ulinzi. Bei ya watoto wa mbwa wa Kijerumani ilinishinda. Rafiki akaniambia kuna kituo Kampala kinachookota mbwa wa mitaani, wanawatibu, wanawachanja, wanawafunga kizazi, kisha wanamtoa kwa mtu mwenye boma na nia njema. Nikaenda na binti yangu, wakati huo ana miaka 5.

Macho yangu yalikuwa kwa dume mmoja mweusi mwenye kifua. Binti akaenda kusimama kwenye waya wa jike mmoja wa rangi ya mchanga, mguu wa nyuma uligongwa na boda ukaunga vibaya, sikio moja limekatika ncha. Akaushika ule waya kwa vidole vyote kumi. Nilipomvuta alilia hadi watu wa kituo wakatoka ofisini. Nikajaza fomu, nikajibu maswali mengi kuliko niliyoulizwa siku naandikishwa jeshini, nikapewa kadi ya chanjo, nikaondoka na mbwa kilema.

Kondakta wa taksi alinitoza viti viwili. Tulipofika Namawojjolo wachuuzi wakajaa madirishani na kuku wa kuchoma kwenye vijiti. Nikanunua paja kwa ajili ya mtoto. Mtoto akala ngozi, nyama nikala mimi, mifupa nikampa mbwa aliyejikunyata chini ya miguu yangu anatetemeka. Kutoka hapo hadi tukamaliza msitu wa Mabira kichwa chake kilikuwa juu ya kiatu changu. Daraja jipya lilikuwa bado, tukavuka Nile juu ya bwawa la Nalubaale, binti akamnyanyua ili aone maji.

Mke wangu alipomwona aliuliza, "Afande, huyu atamfukuza mwizi gani?" Na mtaa wetu naujua. Waislamu ni wengi, mbwa hawamtaki karibu, sembuse mbwa kilema aliyesafirishwa kutoka Kampala kama mgeni. Nikampa jina Watasema.

Walisema. Nao wezi hawakurudi. Shangazi, yule mbwa hakuwahi kumkamata mwizi hata mmoja, alibweka tu, na kubweka kukatosha. Lakini si hilo lililonifanya nikuandikie. Nilirudi kutoka Somalia na usingizi mbovu. Miaka ile kabla sijapata kazi ya usiku, saa nane naamka nimelowa jasho, natoka kukaa barazani. Yeye alilala barazani pale, ndani hakuingia hata siku moja, hilo tulilishika. Alikuwa anakuja, anaegemeza ubavu kwenye goti langu, basi. Haulizi umeota nini.

Nilipoanza ulinzi, kila alfajiri nikitoka kazini nilinunua chapati mbili kwa kijana wa njiani. Moja na nusu yangu, nusu ya kwake. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa getini, mvua iwe isiwe. Hadi leo jioni nikivaa koti la kazi nakuta nusu chapati imekauka mfukoni. Mkono unaikata wenyewe.

Mwaka huu alianza kunywa maji kama ng'ombe. Akakonda hadi pingili za mgongo ukaweza kuzihesabu, mdomo ukanuka mkojo. Daktari wa mifugo akampima damu, akasema figo zimekwisha, na umri ni kama miaka 12. Dripu, dawa, wiki tatu. Mwishoni hakuweza kusimama, anajiharia alipolala, naye alikuwa mbwa mwenye haya. Daktari akasema iko sindano ya kumpumzisha.

Nikachagua siku ambayo watoto wako shule. Saa nne asubuhi daktari akaja, mimi nikashika kichwa. Sindano ya kwanza akalala, ya pili akaenda. Macho hayakufumba. Aliniangalia hadi mwisho, na mwisho ulipopita akaendelea kuniangalia. Nimeona Kitgum, nimeona Mogadishu, macho yale yamenishinda.

Nikachimba chini ya mti wa ovakado, shimo la kufika kiunoni kama tulivyofundishwa handaki, nikamzika na blanketi lake. Watoto waliporudi wakakuta udongo mbichi. Nikawaambia alikufa mwenyewe asubuhi, usingizini. Mke wangu anaujua ukweli, amenyamaza. Binti alisema neno moja tu, "Hukutungojea." Tangu siku hiyo ana daftari la kumbukumbu za Watasema. Anakusanya picha, anaandika, na anataka na mimi niandike ukurasa wangu. Mara tatu amemuuliza mama yake kama mifupa ya kuku aliyompa siku ya Idd ndiyo iliyomuua, mama yake akamwambia aache mawazo. Mimi nikishika kalamu siandiki kitu.

Sasa aibu yenyewe. Februari kaka yangu mkubwa alifariki hospitalini Kampala. Mimi ndiye niliyetafuta gari, nikapatana na dereva, nikamsindikiza usiku kucha hadi Arua, nikashuka kaburini kumpokea. Chozi halikutoka. Siku ya mbwa nililia hadi nikashindwa kwenda kazini siku mbili. Halafu binti, bila kuniuliza, akatuma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp picha ya mbwa na maneno haya: "Arobaini ya Watasema, Jumamosi, chai na sambusa, karibuni." Dada yangu mkubwa akanipigia kutoka Arua. "Arobaini ya kaka yetu ulikuja saa moja ukaondoka. Leo unafanya ya mbwa, mnyama anayefukuza malaika? Kaka hukumlilia, mbwa umemlilia?" Akakata simu. Tangu hapo ukoo umenyamaza, wasionyamaza wanacheka.

Je, nina kasoro? Nimzuie binti na daftari lake? Na dada nimwambie nini?

Mlinzi wa usiku, Jinja


Waaleikum salaam, Afande.

Unaniita Shangazi na huenda tulizaliwa mwaka mmoja, lakini cheo sikikatai.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisimama kwenye kaka na mbwa, kama ulivyotaka nisimame. Mara ya tatu nikasimama kwenye sentensi uliyoipitia mbio, ile ya mifupa ya kuku. Tuanzie hapo. Dada atangoja kidogo, yeye ni mtu mzima.

Binti yako anaamini amemuua mbwa wake. Hajatamka, lakini msichana wa miaka 15 harudii swali moja mara tatu kwa udadisi. Ulimpa kifo kisicho na sababu: asubuhi ameenda shule mbwa yupo, jioni ni kichuguu cha udongo. Akatafuta sababu mwenyewe, na ya karibu kabisa aliyoiona ni mkono wake ukitoa mifupa. Ulidhani unamficha sindano. Ulichomficha ni figo.

Mwambie basi, wiki hii. Mifupa ya kuku iliyopikwa kweli si chakula kizuri cha mbwa, hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kukwama kooni au kutoboa utumbo, na mbwa mwingine asimpe. Lakini mifupa haili figo. Mbwa anayekunywa maji kupita kiasi, akakonda, mdomo ukanuka mkojo, huyo figo zake zimekuwa zikishindwa kwa muda mrefu, na dalili hizo huja wakati sehemu kubwa imeshaharibika. Siku ya Idd ugonjwa ulikuwa umeshafanya kazi yake. Kama daktari alikuachia karatasi ya vipimo vya damu, itoe, mwonyeshe. Watoto wa sasa wanaiamini karatasi kuliko baba.

Usimwambie jioni ukiwa umeshavaa lile koti. Mwite asubuhi ya siku isiyo ya shule, mkae chini ya ovakado, mdogo wake asiwepo. Na nakuomba usianze na "nilitaka kukulinda", kwa sababu hapo utakuwa unajitetea kabla hajajua kosa. Mweleze kama unavyotoa taarifa kwa mkubwa wako: daktari alikuja saa nne, nilishika kichwa chake, sindano zilikuwa mbili, nilichimba mwenyewe, blanketi ni lile la bluu au rangi yoyote lilivyokuwa. Kisha sema kwamba ulidanganya. Litamke neno hilo.

Atakasirika. Ana haki ya hasira mbili, ya kudanganywa na ya kunyimwa kuaga, na ya pili ndiyo itakayokaa. Wewe nyamaza, usitumie cheo. Akiondoka bila kukujibu mwache aende, nyumba ni moja, mtakutana kwenye chai.

Mvulana naye aambiwe, kwa maneno machache zaidi. Ila kwake chunga lugha. "Alidungwa sindano akalala" ni maneno hatari kwa mtoto wa miaka 9 ambaye kesho akishikwa na malaria atapelekwa zahanati kudungwa sindano na kuambiwa alale. Mwambie alikufa. Mwambie dawa ile ni ya wanyama wasioweza kupona tena, na watu hawapewi.

Sasa macho. Hili linakutesa kuliko ulivyoandika, maana umelilinganisha na vita. Nina jamaa daktari wa mifugo na nimeshika vichwa viwili mwenyewe, kwa hiyo nisikilize. Mbwa akifa kwa sindano ile macho hubaki wazi. Kuyafumba kunahitaji msuli kufanya kazi, na misuli imeshalegea. Ndivyo inavyokuwa kwa karibu kila mbwa, mwenye bwana mwema na mwenye bwana mkatili. Sindano ya kwanza ilikuwa imeshamlaza. Ya pili ni dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa mno, ubongo huzimika kwanza, moyo hufuata dakika chache. Wakati wewe unamwona anakuangalia, yeye alikuwa haoni tena. Cha mwisho alichokijua ni harufu ya mkono wako kwenye taya yake. Daktari alipaswa kukuonya kuhusu macho kabla ya kuanza, wengi husahau.

Na shimo la kiunoni ulifanya vizuri, liache lilivyo. Dawa ile hukaa mwilini, na mnyama akifukua mzoga akala anaweza kudhurika. Ninyi na sisi tunaishi na kaloli, wale korongo wala mizoga wanaopiga foleni kwenye kila jalala, sihitaji kuendelea.

Tufike kwa kaka.

Wapo watakaokuambia kwamba chozi la mbwa lilikuwa la kaka, limechelewa tu. Huenda. Mimi naona jambo lililo jepesi zaidi. Kaka yako yuko Kampala, wewe Jinja, mkawa mnaonana Idd na misibani. Mbwa mlionana kila alfajiri kwa miaka 10, na hiyo ni zaidi ya mara elfu tatu. Kaka unamkosa siku ulizozoea kumwona, nazo ni chache, bado hazijakufikia zote. Mbwa unamkosa getini saa kumi na mbili na nusu, kila siku ya Mungu, halafu jioni unamkosa tena mfukoni mwa koti. Ngoja Idd ijayo, ufike Arua usimkute. Ndipo uniandikie tena kuhusu chozi.

Halafu kuna hili la shughuli. Wewe ulikuwa mtu wa gari, wa mafuta, wa kupatana na dereva, wa kushuka kaburini. Katika kila msiba yupo mtu mmoja ambaye hakupewa nafasi ya kulia kwa sababu funguo ziko mfukoni mwake. Kwa mbwa hukuwa na ukoo wa kuusimamia. Ulikuwa wewe na jembe.

Kasoro huna. Tena kwa mtu aliyerudi kutoka vitani, yale ya barazani saa nane usiku siyo mambo ya kitoto. Pale Gulu, kaskazini mwa Uganda, kuna mradi unaoitwa The Comfort Dog Project, chini ya shirika la The BIG FIX Uganda. Wanachukua mbwa waliokosa makao, wanawatibu, kisha wanawakutanisha na watu waliojeruhiwa moyoni na vita vya waasi wa Kony, na wanawafundisha pamoja. Aliyeuanzisha ni mshauri wa kisaikolojia, Francis Okello Oloya, aliyepofuka akiwa na miaka 12 kwa bomu. Amesimulia jinsi mbwa wa pale shuleni alikosoma walivyokuwa wakimsindikiza usiku. Nalitaja hili kwa sababu watakuja kukuambia kwamba kumlilia mbwa ni uzungu. Gulu si Ulaya, na waliokwenda kutafuta ubavu wa mbwa usiku ni Waacholi waliolala porini wakiwa watoto.

Kuhusu malaika, mimi si sheikh na wa kwenu wapo, waulize. Ninachojua ni kwamba mlimlaza nje na mkashika mipaka ya dini yenu. Na najua kwamba Sura ya Al-Kahf, aya ya 18, inamtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Kizingitini, Afande, palepale alipokuwa akilala wa kwenu. Na hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe, dada yako anaijua kuliko mimi. Usimkumbushe kwa simu, atadhani unamfundisha dini.

Lakini arobaini, hapana.

Hapa nipo upande wa dada. Arobaini ni ya mtu. Ina dua yake, ina jamaa zake, ina nafasi iliyobaki tupu mkekani. Kundi lile la WhatsApp miezi minne kabla lilikuwa likichangisha nauli na sanda ya kaka yenu, na ukipandisha juu kidogo kwa kidole unalikuta tangazo la msiba wake. Juu yake likawekwa la mbwa, na sambusa. Dada yako hakumchukia Watasema. Aliona neno la kaka yake limevuliwa likavishwa mwingine, na kidonda chake hakijakauka. Zaidi ya hayo arobaini yenyewe ulikuja saa moja ukaondoka. Hilo wewe umeliandika kama maneno yake, hukulikanusha. Kweli ulikaa saa moja? Basi hapo ndipo anapoumia, mbwa ametokea tu njiani.

Tangazo lifutwe, na alifute binti mwenyewe, baada ya yale mazungumzo ya chini ya ovakado na siyo kabla. Asiombe radhi kwa kumpenda mbwa. Amwombe shangazi yake radhi kwa neno moja alilolichukua mahali pasipo pake. Kwa sauti, siyo kwa maandishi. Mtoto wa miaka 15 anaweza.

Wewe nawe mpigie dada, na katika simu hiyo usimtetee mbwa hata kwa sentensi moja. Ukimtetea utakuwa umeshaweka mizani mezani, kaka huku, mbwa kule, na mizani hiyo haina mshindi. Mwambie tu kwamba Arua hukupata kulia kwa sababu ulikuwa na shughuli mikononi, na kwamba saa moja ilikuwa kidogo. Kisha mwulize kitu cha kaka usichokijua. Wewe uliingia jeshini kijana, kuna miaka mingi ya kaka ambayo anayo yeye peke yake. Ukipata likizo panda basi la Arua, ukae siku tatu usiwe na funguo wala risiti mfukoni. Ulie usilie, hilo nisikuamulie.

Na Jumamosi ile iliyotengwa? Msiiache tupu. Fungasheni gunia la posho, yaani unga wa mahindi, mukene (dagaa) wa kutosha, mablanketi makuukuu, bakuli la Watasema na mnyororo wake, mpande taksi mrudi kwenye kile kituo alikotoka. Vituo vya namna ile mbwa ni wengi, chakula hakitoshi kamwe, na sijawahi kusikia wamekataa gunia. Watu wa pale wakikumbuka mtoto aliyeng'ang'ania waya watafurahi kumwona alivyokua. Kumbukumbu hiyo ni ya mbwa na inamfaa mbwa, haijaazimwa kwa mtu.

Ila msirudi na mbwa siku hiyo. Vidole kumi vya binti navijua kutoka kwenye barua yako, na sasa vina nguvu zaidi. Mbwa atakayeletwa wakati mtoto bado anakasirika atapewa kazi ya kuwa Watasema, ataishindwa, halafu mtamlaumu. Ikifika wakati, achague mvulana. Yeye alimkuta mbwa nyumbani, hakuwahi kuchagua.

Kadi ya chanjo usiitupe. Kama ulikuwa ukimchanja kila mwaka, na kwa barua hii sina shaka, kadi hiyo ina mihuri ya miaka 10, tarehe kwa tarehe, na mwandiko wa daktari ukizidi kuharibika. Ibandikeni kwenye daftari. Sijui picha gani itakayoonyesha miaka hiyo vizuri kuliko kadi. (Wenye mbwa wasio na kadi, nawaona. Karibu kila mtu anayekufa kwa kichaa cha mbwa aliambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupambana na ugonjwa huo, na maeneo mengi huchanja siku hizo. Peleka mbwa, tutaongea mengine baadaye.)

Daftari usimzuie. Ulishindwa kuandika kwa sababu kila ulichotaka kukiandika kilikuwa kinapita juu ya uongo mmoja. Ukishausema, kalamu itatembea. Usianze na figo, wala na saa nne asubuhi, hizo binti ataziandika mwenyewe akipenda. Yeye alikuwa na miaka 5, yapo ambayo ni wewe tu unayeyakumbuka. Anza na taksi, viti viwili, na Namawojjolo. Andika nani alikula ngozi, nani alikula nyama, na mifupa ilitoka mkononi mwa nani.